Inveta Mbili na Jirani Mmoja

Ifakara, Jumanne jioni. Asubuhi mvua imepiga, mchana jua limechoma kana kwamba halikuwepo wakati wa mvua.

Tumsifu Yesu Kristo, wewe unayesoma. Kama wewe si wa kwetu, basi pokea salamu yoyote unayoitikia. Hujambo? Wa nyumbani wote wazima? Unyevu huu hausumbui kifua? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio sijui nikuambieje.

Moyo una kisasi.

Nimeliandika hilo neno nikalifuta, nikaliandika tena. Liache likae.

Wiki nzima nimekuwa nachagua inveta. Kwa asiyeijua, ni lile boksi la ukutani linalopokea umeme wa jua kutoka kwenye paneli na kuufanya ufae kwa taa, friji na televisheni. Ninayoitaka mimi ni ile wanayoiita haibridi. Hiyo inachanganya. Jua likiwepo inatumia jua, likizama inachota kwenye betri, betri ikichoka inaomba kwenye umeme wa nguzo. Bonde letu linahitaji ya namna hiyo. Masika hapa jua linajificha mpaka unasahau sura yake, na nguzo nazo zinalala kwenye maji huko njia ya Mkula, tunakaa gizani mpaka wazisimamishe. Mpunga wetu wa Idete mwaka huu umekubali. Baba Sabina, mume wangu, akasema safari hii tununue kitu kitakachokaa. Nikamwambia, tuweke sola.

Alidhani nasema kwa ajili ya nyumba. Mwenzake nilikuwa namfikiria Mama Kelvin.

Mama Kelvin ni jirani yangu, uzio wa michongoma tu ndio unaotutenga. Zamani hatukuwa na nguzo upande wetu, tukavuta waya kutoka kwake, kama wanavyofanya wengi mtaani. Waya unapita juu ya uzio, mnachangia, mnaishi. Swichi ilikuwa kwake. Tuliishi vizuri miaka mingi. Nikipata samaki nampelekea, akichuma matembele ananiletea.

Mwaka jana mwanangu wa mwisho, Sabina, akapata kipaimara. Friji yangu ilijaa mpaka mlango unafungwa kwa goti. Kuku walikuwemo, samaki wakubwa aina ya kitoga walikuwemo, na nyama waliyotuma kaka zangu. Ijumaa mimi na Baba Sabina tukaenda parokiani kwenye mafungo ya wazazi, tukalala huko huko. Jumapili baada ya misa tukarudi na wageni nyuma yetu, akina mama wanapiga vigelegele. Nikafungua friji.

Harufu ile naisikia mpaka sasa ninavyoandika.

Nikajua umeme umekatika mtaa mzima, haya, ni mambo ya Mungu. Halafu nikasikia redio ya Mama Kelvin inaimba.

Wageni walikula wali na maharage. Sabina na gauni lake jeupe anagawa maharage. Wifi yangu aliyetoka Mngeta alikaa nje, kanga puani, anasema kichwa kinamuuma.

Bado ningesema ni bahati mbaya. Swichi hujizima, mtoto huchezea. Lakini wiki iliyofuata kwenye jumuiya, tumeshamaliza rozari, mtu akanipa pole ya sherehe. Mama Kelvin akadakia, tena anacheka:

"Niliizima mimi jamani! Wengine wanatumia umeme wa watu kama wameachiwa urithi. Nikasema na friji nayo ikafanye mafungo."

Watu wakacheka. Wengine walijiziba mdomo, lakini walicheka.

Na mimi nilicheka.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuku na samaki. Kwamba nilikaa pale kwenye mkeka, rozari mkononi, nikacheka na mimi.

Tukapata nguzo yetu baadaye, waya wake tukamrudishia. Sikumwambia kitu. Nikikutana naye njiani namsalimia, ananiitikia, tunapita. Ila moyoni nilikuwa namwombea mabaya madogo madogo. Siyo ugonjwa, hapana. Wali wake uungue siku ya wageni. Kitenge chake cha parokia kichanike akiwa anapeleka vipaji altareni. Mungu anisikilize vizuri hapo, sikuomba zaidi ya hivyo.

Basi, inveta.

Fundi wetu anaitwa Shija, Msukuma, baba yake alikuja huku na ng'ombe, yeye akaingia kwenye nyaya. Ana maneno! Alinitolea maboksi mawili juu ya kaunta. Ndogo ni ya kilowati moja na nusu, ukubwa wake kama beseni la kunawia. Kubwa ni ya kilowati tano, ina kioo kinachowaka rangi, na feni inayovuma. Ndogo itabeba friji, taa zote, televisheni na simu, pasi niisahau. Kubwa itabeba vyote hivyo na pampu ya kisima juu yake, lakini inataka betri kubwa na paneli nyingi, na yenyewe inakula umeme hata kama hujawasha kitu. Zote mbili, umeme wa nguzo ukikatika zinajitenga zenyewe, zisije zikapeleka moto kwenye waya zikamuua mtu aliyepanda kutengeneza.

Nikamuuliza, "Ipi inayoonekana kwa nje?"

Shija akaniangalia. "Mama, inveta inakaa ndani. Hii siyo bendera."

"Feni yake inasikika mpaka wapi?"

"Mama yangu, wewe unataka umeme au unataka ngoma?"

Nilikuwa nishaichagua kubwa. Nimeshaona moyoni mtaa wote giza, kwangu kunawaka mpaka bandani kwa kuku, na taa moja ya nje, ile yenye mwanga mkali, imeelekezwa kwenye dirisha la chumba cha Mama Kelvin. Alale kama yuko mchana. Nilimwambia Baba Sabina habari ya hiyo taa. Mwenzangu alifanya kazi kiwanda cha sukari mpaka akastaafu, ni mtu wa taratibu. Akasema, "Sasa na sisi tutalala saa ngapi, maana ukuta wake mweupe utaturudishia mwanga wote?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Lakini kubwa nilikuwa sijaiacha.

Sasa sikiliza la leo.

Mchana nimekaa barazani nachambua mchele, nikaona geti linasukumwa. Mama Kelvin. Tangu kile kipaimara hajakanyaga kwangu. Amejifunga kanga vizuri, mikono mbele, kama anayekuja msibani. Nikamkaribisha kigoda. Tukasalimiana, tukaulizana mvua, tukaulizana mpunga. Halafu akasema:

"Jirani, nasikia mnaweka sola kubwa."

Jirani. Mwaka mzima nilikuwa sina jina, leo ni jirani.

Mama yake, Bibi Otilia, anaishi naye. Bibi ana sukari, anachomwa sindano asubuhi na jioni, na dawa yenyewe inataka ubaridi. Umeme ukikatika wanaiweka kwenye mtungi wa maji, lakini safari iliyopita giza lilikaa siku nyingi, dawa ikaharibika bila wao kujua. Bibi akazidiwa, wakamkimbiza hospitali.

"Nilikuwa naomba," akasema, anaangalia mchele wangu, "mkishafunga, mnivutie waya mmoja tu. Wa friji peke yake."

Wewe unayesoma, nisikufiche. Nilisikia utamu. Ulianzia kwenye magoti ukapanda. Sentensi hiyo nimeingoja kama mvua ya mpunga, na sasa imekaa kwenye kigoda changu, inanyenyekea. Nilitaka aiseme tena.

Nikamwambia, "Sijui kama mashine itabeba. Ngoja nimuulize fundi."

Alipotoka tu, nikampigia Shija. Nikamuuliza ile ndogo inabeba friji mbili?

"Haitakufaa mama. Friji inapoanza inapiga teke. Mbili zikipiga pamoja, ile ndogo inazima. Na mawingu haya, betri yake itakufa kabla hakujakucha. Kama ni friji mbili, chukua ile kubwa uliyoipenda."

"Nichukulie ndogo," nikamwambia.

Akadhani hakusikia. Nikarudia.

Unaona? Sikuhitaji kusema uongo. Ningemwendea Mama Kelvin na uso wa huruma, nimwambie, jirani, mashine haibebi, muulize fundi. Ukweli mtupu. Hata kwenye kitubio nisingekuwa na la kumwambia padri. Nilijisikia mwerevu kuliko miaka yangu yote saba ya shule ya msingi.

Baba Sabina alikuwa amesikiliza yote kutoka ndani. Akatoka, akasimama mlangoni.

"Na bibi je?"

Hapo nikaiweka simu chini.

Maana Jumapili ile ya harufu, wageni wakiwa nje na mimi nimejifungia jikoni nalia, aliyekuja ni Bibi Otilia. Alizunguka uzio na mguu wake ule unaovimba, ana jogoo kwapani. Hakuniuliza kitu, hakumsema binti yake. Alisema tu, "Chemsha maji," akamchinja mwenyewe, akamnyonyoa. Supu hiyo ndiyo aliyokunywa msimamizi wa Sabina wa kipaimara. Ni kitu pekee kilichonifichia aibu siku ile.

Siwezi kumnyima dawa bibi huyo. Na waya siwezi kumpa binti yake. Yote mawili ni kweli, na yalikuwa yananivuta mikono huku na huku, kama watoto wa mtu mmoja.

Mwisho nikainuka, nikaenda kwake. Nilimkuta anafua. Nikamwambia waya hautawezekana, mashine ni ndogo, lakini dawa ya bibi itakaa kwangu, kwenye friji yangu, rafu ya chini mbali na barafu isije ikaganda. Akaanza kushukuru. Nikamwambia bado sijamaliza.

"Utaifuata mwenyewe. Asubuhi na jioni. Usimtume Kelvin, usimtume msichana. Wewe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Umeme uwepo usiwepo, unabisha hodi, unaingia, unafungua ile friji kwa mkono wako, unatoa dawa. Bibi akishachomwa, unairudisha."

Povu lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Alilifuta kwa kanga. Nilijua amekumbuka, na yeye alijua kwamba mimi najua.

"Haya," akasema. "Haya, Mama Sabina."

Nilirudi nyumbani natembea kama niliyepewa cheo.

Baba Sabina nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ukuta. "Asubuhi na jioni! Mke wangu, hiyo siyo adhabu, hiyo ni ndoa. Mimi mwenyewe huwa hunioni mara nyingi hivyo."

Nilimkasirikia. Lakini nimekaa hapa na simu yangu, neno lake halitoki. Kila siku ya Mungu, kabla sijanawa uso, huyo mwanamke atakuwa mlangoni kwangu. Nitamwonyesha nini? Nikinuna, nitanuna mpaka lini, na bibi namwombea maisha marefu? Nikicheka, atadhani yameisha. Hayajaisha.

Jioni hii tumesali pamoja kabla ya chakula. Kwenye Baba Yetu, pale pa kusamehe, niliyaruka maneno. Sabina aligeuka kuniangalia, nikajifanya nakohoa. Nikaingia tena kwenye "usitutie katika kishawishi".

Shija anakuja kufunga keshokutwa. Bado naweza kumpigia abadilishe, alete kubwa, waya upite juu ya uzio kila mtu abaki kwake, nisimwone. Au nibaki na ndogo, nimwone kila kukicha. Wengine mtasema mimi ni mtu mbaya. Labda. Lakini nimewaambia ninyi kabla ya kumwambia padri, basi mnichukulie hivyo hivyo.

Kama una inveta ndogo ya haibridi na friji moja, niambie inavumiliaje masika. Na kama uliwahi kutendwa kisha aliyekutenda akaja kubisha hodi kwako, niambie ulimfungulia kwa uso gani. Nakuomba unijibu mapema, kabla fundi hajafika.