Kucha ya Gumba la Fusi

Leimatu'a, Vava'u
Jumatano, 14 Agosti 2019

Mpendwa mpwa wangu Seini,

Pokea salamu tele kutoka huku nyumbani. Je, hujambo? Baridi ya Auckland imekuachia mifupa? Na mchumba wako Viliami, anakula vizuri? Mimi mwili mzima. Mgongo huu bado unabeba magunia mawili ya viazi vikuu kwa mkupuo mmoja, na vijana wanasimama kuangalia. Lakini moyo, mpwa wangu, umelala chini.

Barua hii nampa mchungaji, anapanda ndege keshokutwa. Kwenye simu ningeanza kujisifu, unanijua.

Unaukumbuka ule mstari mweusi kwenye kucha ya gumba la mkaza mjomba wako Fusi. Ulipokuja Krismasi uliushika mkono wake ukasema, "Mjomba, huu mstari hausogei. Mpeleke hospitali." Nikakucheka mbele ya watu. Nikasema mwanamke anayeponda magome ya miti kuwa kitambaa cha ngatu tangu ana miaka kumi, nyundo ikikosa gome inapata kidole. Ile ni damu iliyoganda, itatoka na kucha. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Kwetu neno lako juu yangu ni amri. Ukimtaka hata nguruwe wangu wa mwisho unamchukua, nami nakushukuru. Nguruwe ningekupa. Sikio sikukupa.

Unajua nilivyo na jina kwa mambo ya kucha. Tangu papa aliponing'oa kucha ya kidole cha kati, kucha tu, akaitema, na mpya ikaota kabla sijafika ufukweni, watu wananijia. Mwenye madoa meupe nilimwambia amekosa maziwa, watoto wakanyweshwa ya kopo hadi wakaharisha. Nilisema kucha inapumua, kwa hiyo ngozi ya pale mzizini ikatwe ipate hewa. Jirani yetu Kaloni alikata, kidole kikajaa usaha. Nikamwambia vizuri, uchafu unatoka.

Fusi nilimfanyia yote. Ndimu, kisu, kila Jumamosi nakwangua. Mstari ukapanuka. Ukavuka kucha ukaingia kwenye ngozi, nikasema hiyo ni rangi ya koka wanayopaka kwenye ngatu, maana wanawake wote wa kikundi chake wana vidole vya kahawia. Kwenye kikao cha kunywa kava Kaloni akanitania, "Daktari wa makucha, mkeo anaota kwato!" Wakacheka. Nikacheka kuwashinda.

Wiki jana kucha ilipasuka, damu ikakataa kukauka. Ndipo nikampeleka hospitali. Daktari, binti mdogo kama wewe, aliuliza, "Mzee, nani alikuwa anaikwangua hii?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema ni saratani, imeanzia chini ya kucha. Damu ya kujigonga husogea mbele kadiri kucha inavyokua. Huu mstari ulibaki palepale, kama ulivyosema wewe. Gumba likatwe lote Jumatano ijayo, hospitali kuu ya Nuku'alofa, na kwapa liangaliwe, maana hajui kama ugonjwa haujatembea. Nikamwambia akate langu. Si wazee wetu wa zamani walikata vidole kuwaombea wagonjwa wao? Akasema, "Kaa na kidole chako, mzee. Hakitamsaidia."

Sasa Fusi hataki kwenda. Ngatu ya harusi yako imebaki robo. Anasema, "Gumba likiondoka, nyundo nitaishika kwa meno? Harusi ya mtoto wa dada yako mtatandika mapazia?" Eti atakatwa baada ya harusi, Desemba. Daktari amesema Desemba ni mbali mno. Nimemsihi, nimelia, mimi Semisi. Akasema, "Uliniambia ni rangi. Leo unaniambia ni kifo. Nikuamini lini?"

Katika nyumba hii sina neno tena. Wewe unalo, yeye hawezi kukukatalia.

Ukipata barua hii piga simu siku hiyohiyo. Mwambie ngatu yake huitaki. Mwambie ukiikuta imetandikwa hutaikanyaga. Najua ni tusi, litamkata kuliko kisu. Akiuliza nani amekutuma, nitaje. Akinichukia, anichukie akiwa hai.

Na kama ugonjwa umeshatembea, basi nitakuwa nimekutuma umuumize bure katika siku alizobakiwa nazo. Hilo nalo nimelifikiria, sijalala. Piga tu.

Nisalimie dada yangu Lavinia, umfiche haya hadi Jumatano ipite. Msalimie Viliami na mama yake. Mungu awafunike, na akuwekee ulimi imara siku hiyo.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, niliyechelewa kukusikia,
Semisi