Malkia Anayelia Katika Furushi la Bibi

Jumanne, Quitunda. Mvua imekatika tangu saa nne, lakini bati bado linadondosha. Naandika upesi kabla hayajanitoka, maana tangu adhuhuri moyo wangu haujatulia.

Leo nimeshika kitu ambacho sikuwahi kuota kwamba ningekishika.

Nianze na Bibi, mama yake mama. Alhamisi kamati inakuja kuwasikiliza wenye madai ya mashamba tuliyoyaacha tulipohamishiwa huku kupisha mradi wa gesi. Shamba la minazi la Bibi halimo kwenye orodha. Siku ya kuandikisha alikuwa kijiji cha Olumbi akimuuguza dada yake. Sisi wengine tulihangaika, yeye akatulia tuli, kwa sababu anayo hati ya babu. Imo ndani ya furushi la kanga ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mwaka tuliokimbia vita aliacha sufuria zote, akabeba hilo.

Leo kaniita mwenyewe nilifungue. "Njoo, mke mwenzangu, we ndo umesoma. Nitafutie karatasi ya babu yako."

Nikatoa kadi za kliniki za wanawe, kisha kitambulisho cha babu cha kazi ya bandarini Mtwara. Chini kabisa palikuwa na kitu kimezungushiwa nailoni mara tatu na kufungwa kwa uzi wa nyavu.

Kilikuwa kitabu cha katuni. Cha Marekani, cha miaka ya hamsini.

Wanaosoma blogu hii wanajua ninavyochora hadithi za picha na ninavyomaliza bando nikisoma habari za vitabu hivyo. Nimeviona kwenye simu tu. Sasa hiki hapa mkononi, karatasi imekuwa ya kahawia, rangi bado zipo, zile nukta ndogondogo nyekundu na buluu ukizisogelea. Nimesoma kwamba kazi ya kuzitenga rangi zile kwa ajili ya kuchapwa ilifanywa zaidi na wanawake, wamekaa kwenye meza zao kutwa nzima, na majina yao hayakuandikwa popote. Nikapitisha kidole juu ya nukta zao. 

Bibi naye ananitazama, anasubiri nimsomee hati.

"Karimbo hilo hapo," akasema, akaigusa kona ya jalada penye muhuri. "Na huyo si Malkia wa Wangereza? Mie nilijua analia kwa kuwa wanaondoka Tanganyika."

Jalada lina mwanamke mweupe mwenye mkufu wa lulu na chozi moja shavuni. Nilicheka. Naungama hapa, nilicheka kwa sauti, na Bibi akaona.

Muhuri ule naujua. Nyakati zile huko Marekani watu wazima walivishutumu vitabu vya katuni kwamba vinaharibu watoto. Vilirundikwa kwenye viwanja vya shule vikachomwa moto, watoto wenyewe wakiwa wamesimama pembeni. Wachapishaji wakaitwa mbele ya maseneta kujieleza. Wakaogopa, wakaunda ofisi yao wenyewe ya ukaguzi, na kitabu kisicho na muhuri wake wauzaji wengi hawakukipokea. Ofisi hiyo iliwahi kukataa hadithi kwa sababu mwanaanga, alipovua kofia mwishoni, alikuwa mtu mweusi. Mchapishaji akagoma kumbadilisha. Ikatoka vilevile, na jasho lake usoni.

Muhuri ulioua hadithi nyingi kwao ndio uliokiponya kitabu hiki kwetu. Nadhani babu alipewa na baharia huko bandarini, akakileta pamoja na karatasi zake za kazi, na Bibi, bibi harusi asiyejua kusoma, akauona muhuri. Kwetu karatasi yenye muhuri haitupwi wala haifunuliwi ovyo. Basi amekitunza miaka yote hii bila kukifungua.

"Kumbe si hati?" akauliza.

"Si hati, Bibi. Ni kitabu cha hadithi."

 Niliona aibu ya kicheko changu, nikatamani ardhi inimeze. Halafu akavuta mkeka karibu. "Haya, nsomee. Nijue nimebeba nini."

Nikamsomea, nikigeuza Kiingereza kuwa maneno yetu. Msichana anampenda mpiga tarumbeta, wazazi hawataki, mwishoni anaolewa na daktari na kila mtu anatabasamu. Bibi akaomba nirudi kwenye picha ya mwisho. Akaiinamia kwa muda mrefu.

"Huyu hampendi huyo. Ametiwa maneno mdomoni."

 Wakaguzi walitaka hadithi za mapenzi zitukuze nyumba na ndoa. Mimi nimesoma makala kibao ndipo nikajua hilo. Bibi ameliona kwenye macho ya mtu wa kuchorwa.

Lakini hati hakuna, na keshokutwa Alhamisi. Kwa desturi ya huku, mwenye shamba ni yule anayeweza kutaja mipaka yake mbele ya majirani, na jirani mmoja wa zamani bado yupo hapa hapa. Nikachukua daftari langu kubwa, nikagawa ukurasa visanduku kama ninavyofanya kila siku, nikamwambia, "Tembea shambani, Bibi. Mimi nachora."

Akafumba macho, akatembea. Mnazi uliopigwa radi. Kisima. Njia ya mbuzi ya jirani. Hakusita hata mara moja, nami nilikuwa nikikimbiza kalamu.

Kwenye kisanduku cha tisa akasimama. "Hapo chini ya mikorosho miwili yupo mwanangu wa kwanza. Hakufika siku arobaini."

Mama hajawahi kuniambia kwamba alikuwa na kaka.

Minazi ilikuwa kisingizio tu; anachokidai Bibi ni kaburi hilo. Kisanduku hicho nimekiacha kitupu, sijui nikianzie wapi. Kesho asubuhi, kabla ya kushika kalamu, nitamuuliza Bibi jina la mwanawe huyo.