Mayai ya Hina

Abaayo Fadumo,

Nimezoea kukuita hivyo, dada, kama ulivyonifundisha nilipoletwa Garissa kufundisha, mgeni kutoka Taita nisiyejua hata salamu.

Ulikwenda Kotile kumwuguza mama yako, homa ikakushika wewe. Barabara ilitegwa mabomu, gari la kukuleta hospitali halikupatikana. Nilipopata habari walikuwa wamekwisha kukuzika. Sikukuaga. Hilo ndilo linaloniuma.

Pasaka imepita juzi. Nilikukumbuka ulivyosimama jikoni kwangu mwaka jana, vita vya serikali na Wasomali vimewafanya majirani waache kusalimiana, wewe unakuja tu. Ulikuta nachemsha mayai ya watoto wa kanisa. Wewe usiyekula mayai kabisa! Ukauliza, "Hii mayai nafanya nini kwa Nabii Isa?"

Nikakueleza nilivyofundishwa misheni. Kwamba zamani Wakristo walipofunga Kwaresima hawakula mayai, lakini kuku hawakujua mfungo, wakaendelea kutaga. Pasaka ikifika nyumba zimejaa mayai, watu wanayala kwa furaha. Ukapiga makofi: "Kumbe ni kama Idi!" Nikakuambia pia kwamba Wakristo wa kale wa Mesopotamia waliyapaka rangi nyekundu kwa ajili ya damu ya Yesu, na ganda ni kama kaburi, kifaranga hulipasua akatoka hai. Wengine husema desturi hiyo ni ya kale kuliko Kanisa lenyewe. Sijui.

"Nyekundu? Basi ngoja," ukasema, ukaenda kuleta hina yako. Yalitoka rangi ya kutu, mazuri ajabu, na vidole vyetu pia.

Siku ya pili malaria ikaniangusha. Ukabeba kikapu mwenyewe kwenda kanisani, na kwenye kizuizi cha barabarani askari akakusimamisha. "Msomali na mayai ya Pasaka? Umeficha nini humo?" Wengine walipigwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Ulinisimulia baadaye ukicheka: "Nikamwambia, afande, Mkristo nafunga, kuku hafungi. Hata wewe hujui Basaka yako?" Akapasua yai moja, akaliona ni yai, akalila. Akakuruhusu.

Sijawahi kukushukuru vya kutosha, abaayo. Ungeweza kuliacha lile kapu mlangoni kwangu.

Mwaka huu watoto waliuliza mayai mekundu yametoka wapi. Nilianza kusema, nikafika kwenye hina, nikaacha. Katekista akamalizia.

Binti yako Sahra yuko kwa bibi yake mzaa baba, mtaa wa pili. Amenyamaza sana. Jioni huja kusoma kwangu, na jana, kwa mara ya kwanza, alibishana nami juu ya hesabu, akashinda. Ungefurahi. Mume wangu amepewa uhamisho kwenda Voi. Nimemwambia atangulie. Sitaondoka mpaka mtoto huyu amalize shule, nakuahidi.

Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Lala.

Agneta