Vyuma vya Shimo la Kanoni

Kanoni, Karagwe
12 Agosti 1989

Kwako dada Anonciata,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songambele, wewe na shemeji na watoto, na migomba yenu ikiwa imesimama. Sisi hatujambo, ila mgongo wangu hunikumbusha umri kila asubuhi. Mama anakula vizuri na bado ananigombeza kama mtoto.

Utacheka ukisikia kwamba nimekuwa mtaalamu. Wamekuja watu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam kutafuta tanuri ambamo wazee waliyeyushia chuma, kule kilimani kwenye njia ya mkato iendayo mnadani. Mimi nachekecha udongo, kazi ambayo kuku angeifanya vizuri zaidi.

Juzijuzi, katika shimo la zamani lililojifukia, tulipata vyuma vya ajabu: gurudumu dogo, bamba lenye tundu, na kitu chenye umbo la mtumbwi, urefu wa kidole. Kila mtu akasema lake. Mimi, kwa kujiamini kwangu unakokujua, nikatangaza kuwa ni hereni ya mfalme. Bwana Cassian, mkubwa wao, akaniuliza kwa upole mfalme huyo alikuwa na masikio ya ukubwa gani. Yeye aliona ni chuma cha kiwandani, ila hakujua cha nini.

Mke wangu Placida alipoleta chakula akakishika kile kimtumbwi, akakifuta kwa kanga, akasema hiki hukaa chini ya sindano, na uzi ndani yake. Ni cha cherehani. Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza, dada.

Unajua kaka yetu Fidele alivuka mpaka pale Murongo mwaka 78, kabla ya vita, akakutafutie cherehani Uganda. Jirani yetu Egbert aliporudi vitani akasema amemwona Mbarara na mke mnene, nasi sote tukaamini. Wewe ukakataza jina lake lisitajwe kwako.

Nikamweleza Bwana Cassian hayo, tukachimba tena, safari hii polisi wakiwepo. Chini ya vile vyuma palikuwa na mifupa ya mtu. Mguu wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya chini ya goti, palepale ng'ombe alipomvunja Fidele utotoni. Polisi wanasema ukingo ulibomoka na mvua akaanguka nao. Hakutukimbia, dada. Alikuwa anarudi na mzigo wako kichwani. Ukisimama pale unaliona paa la mama. Nasi tumepita kando yake miaka yote hii tukienda mnadani, tukimsema.

Mama nimemweleza mwenyewe. Hakulia. Aliuliza tu kama umeambiwa. Anasema hazikwi mpaka ufike, na shuka la kumfungia ulishone wewe. Nikamwambia siku hizi una cherehani nzuri. Akasema hapana, ushone kwa mkono, ukiwa umekaa karibu naye.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Jumamosi ijayo nitakungoja basi linaposhusha watu.

Mdogo wako,
Theoneste