Vigelegele Vyako Vilichelewa Dakika Tano

Sengi yangu mpendwa,

Mwadila? Najua hutaitika, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtoto anayempita mkubwa bila salamu ni mtoto asiye na shangazi. Mimi ninaye, hata kama tulikulaza kule Mwandoya msimu wa pamba uliopita. Basi nakusalimu kwanza, halafu nakupa habari: kipindi bado kipo, kila Jumamosi mchana, na saba bado si karata kubwa.

Usinune. Nimeanza na hilo makusudi.

Unakumbuka pale nyumbani, tukisubiri zamu yetu ya mizani ya pamba? Ulikuwa unatandika gunia barazani, unachanganya karata, unaniita niwe mwenzako kwenye arubastini. Wewe na mimi upande huu, majirani wawili upande ule. Nilikuwa mdogo, lakini niliona mapema kwamba nimefungwa nira moja na mtu asiyejua kuficha. Ukipata karata mbovu, mdomo unakunjika kama umelamba ukwaju. Ukipata turufu, wimbo wa wigashe unaanza wenyewe kooni. Na ukipata saba! Kwenye arubastini yetu saba huzidiwa na ree tu, basi ilipokufikia ulipiga kigelegele kabla hujaipanga mkononi. Majirani hawakuwa na haja ya kukuchungulia. Walitega sikio tu, wakatufunga.

"Ng'wana wane, mwanangu," uliniambia nikilalamika, "furaha ikikaa tumboni inaoza."

Ndivyo tulivyofungwa msimu mzima, na sijawahi kucheka vile tena.

Miguu ilipoanza kukuvimba ukaja kwangu Bariadi kuwa karibu na hospitali. Ulinikuta asubuhi nauza vitenge, mchana nimejifungia chumbani na kompyuta nacheza poka mtandaoni. Ulisimama mlangoni na kiroba chako cha michembe, vile viazi vikavu, ukauliza kama nimekuwa mhuni. Nikakueleza kwamba tunacheza kwa sarafu za mchezo, ambazo hazinunui hata chumvi. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, nyingine tano zinawekwa wazi mezani, na anayejua kutisha wenzake anaweza kushinda akiwa hana kitu. Hapo macho yako yakang'aa.

Kilichokushangaza ni kwamba nilikuwa najirusha hewani moja kwa moja, watu wakinitazama kwenye simu zao, na karata zangu mbili za siri nikawawekea pembeni ya kioo wazione. Si ndiyo utamu wenyewe? Mtazamaji asiyejua umeshika nini anatazama paji la uso wako tu. Lakini kila siku nilikuwa napigwa. Nikitisha, nafuatwa. Nikipata karata nzuri, wote wanakimbia. Nililaumu mtandao, nililaumu bahati, nikakaribia kulaumu majini.

Wewe ulitafuna mchembe wako, ukameza, ndipo ukauliza, "Sasa hao unaocheza nao, wao hawana simu?"

Walikuwa nazo, Sengi. Walinifungulia pembeni, wakasoma karata zangu kama bango la dukani.

Dawa yake niliipata kwa watangazaji wenzangu: kuchelewesha matangazo. Mimi nacheza sasa hivi, lakini watazamaji wanaona kilichotokea dakika tano zilizopita. Anayetaka kunichungulia atazikuta karata ambazo nimeshazicheza na mchezo wake umekwisha. Nilidhani nitahitaji siku nzima kukuelewesha. Wewe, uliyekuwa msemaji wa ukoo kwenye kila mahari, ulipunga mkono tu.

"Hiyo naijua. Tukitoka nje kunong'onezana habari za ng'ombe, wakwe hawaambiwi. Ng'ombe wakishaingia zizini, hapo tunawaambia yote, na tunacheka pamoja. Siri haifichwi milele, inangoja ng'ombe waingie."

Sijapata mpaka leo maelezo mazuri kuliko hayo, na nayatumia kila Jumamosi bila kukulipa.

Ila kukukaribisha chumbani niliogopa. Nilikuheshimu, lakini mdomo wako niliufahamu. Nikakuweka sebuleni na simu yangu ya pili, unitazame kama wengine, kwa kuchelewa. Ulinung'unika kwamba nyumba ya mwanao mwenyewe inakufanya mgeni, halafu ukazoea. Mimi nikiwa nimeshasahau mchezo, nasikia ukuta wa pili unaguna, unapiga makofi, unamtukana mtu kwa Kisukuma. Ulikuwa unaishi dakika tano nyuma yangu, na nilipenda kukusikia huko.

Kisha ikaja fainali ya mashindano ya mtandaoni. Unajua nilivyoitaka. Mshindi angepewa kipindi chake, awafundishe watu poka kwa Kiswahili, na mimi tangu utoto nilitaka kazi ya kusema na watu wasionikatiza. Tukabaki wawili: mimi na jamaa wa Dodoma aliyejiita Kigogo. Wachezaji tulikuwa tunasikiana sauti papo hapo ili tutaniane, na Kigogo alikuwa fundi wa kutania. Nikapewa saba na mbili, rangi tofauti. Kwenye poka hakuna takataka kuizidi hiyo. Mezani nako hakuna kilichonifaa. Nikajifanya chui, nikasukuma sarafu zangu zote.

Kigogo akaanza kuzipima karata zake. Akisema "nakufuata", kipindi kimekwenda.

Ndipo sebuleni ukapasuka. Vigelegele, Sengi! Virefu, vya harusi, vya ng'ombe kuingia zizini. Wewe ulikuwa unatazama mchezo wa nyuma, ule niliopewa jozi ya saba kwa mpigo. Nilikuwa nimeshapigwa nazo, nimeshazililia, nimeshazisahau. Lakini kwako ndiyo kwanza zimefika, tena mbili, na kichwa chako kilikuwa bado kwenye arubastini.

"Huyo mama kaona nini?" Kigogo akauliza.

Nikazidi kuzikodolea karata za mezani.

"Aisee, huyo amesimama nyuma yako. Huyo ameona ree mbili. Hivyo ni vigelegele vya harusi, na mimi sichezi na wakwe." Akazitupa karata zake, ambazo zilikuwa nzuri kuliko zangu kwa mbali.

Kutoka hapo hakusimama tena, nikamaliza. Nilimwambia ukweli palepale, maana ushindi ulikuwa unaniwasha: asubiri, afungue matangazo, atazame. Akasubiri. Tulimsikia wote akipiga ukelele. "Saba na mbili! Dada, umeniua kwa vigelegele vya jana!" Waandaaji wakacheka hadi wakashindwa kuongea, wakayaacha matokeo, wakaongeza sharti moja tu: kuanzia siku hiyo kila mchezaji afunge mlango. Kigogo akaomba akusalimie. Nikakuletea kipaza sauti, ukakishika kwa mikono miwili kama kibuyu cha maziwa.

"Baba," ukamwambia, "wewe ulikimbia nini? Saba ni karata kubwa."

Nilikupenda siku ile kuliko siku zote. Sikukwambia. Nilikuchemshia chai nikakuongezea sukari ambayo daktari alikukataza, na nadhani ulielewa.

Miguu haikupona, unajua. Uliondoka taratibu, huku unauliza kama Jumamosi imefika. Nililia, halafu nikatulia, na sasa nina raha, Sengi. Nasema bila aibu. Wasichana wa Maswa na Lamadi wananiandikia kwamba wameanza kujifunza. Nawafungulia kipindi kwa salamu yako. Kitu cha kwanza ninachowafundisha ni kuchelewesha matangazo, na nawaeleza kwa ng'ombe na wakwe. Kigogo ni mgeni wangu wa mara kwa mara, na kila akija anakuulizia kwa jina la Mama Saba.

Ni jambo moja tu linalonishinda. Nikipata karata nzuri, ninatulia kwa nje kama mchezaji anayejiheshimu, lakini sikio linabaki sebuleni. Mchezo unakwisha, mwingine unaanza, na mimi nahesabu bila kutaka, mpaka ule muda wako upite.

Jumamosi iliyopita nilipewa saba mbili. Ya tatu ikaja mezani. Nikashinda, Sengi, nikashinda kwa saba! Kigogo alikuwepo, akatupa karata zake, tukaendelea. Mlango wa chumba nilikuwa nimeuacha wazi, sharti au si sharti. Dakika tano zilipotimia sebule ilikuwa kimya. Basi nikavua vipokea sauti vya masikioni, nikatoka, nikasimama penye kiti chako, nikapiga vigelegele mwenyewe, virefu, mpaka jirani akabisha kuuliza nani anaolewa.

Niliporudi mezani watazamaji walikuwa hawajasikia bado. Kigogo pekee ndiye aliyesikia, papo hapo. Akasema taratibu, "Huyo mama kaona saba."

Wabeja, Sengi, asante. Lala huko Mwandoya bila wasiwasi. Ng'ombe wameingia zizini wote, na sasa nimekwambia yote.

Mwana wa kaka yako, mwenzako wa arubastini,
Minza