Redio Isiyojua Kusikiliza

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Itumba mahindi tumeshavuna, ila babu yako hatoki tena kitandani.

Umeniuliza utuletee sabufa au redio ndogo ya memori kadi. Nilipokuwa msichana, baba alikwenda Tunduma kununua redio kaseti. Dukani alionyeshwa mbili: ndogo yenye kitufe chekundu cha kurekodi, na kubwa isiyorekodi ila inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Akachukua kubwa.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za msiba kwa Kindali pale kijijini. Aliitazama redio ile akasema, "Hii inajua kusema tu, kusikiliza haijui." Tukacheka.

Mvua zilizofuata, mama akafariki. Msibani tukatazamana, hakuna aliyeweza kuanzisha wimbo kama yeye. Mwishowe baba akawasha redio. Ikalia kwa nguvu, mpaka ng'ambo ya mto, kwa sauti za watu tusiowajua.

Sabufa iache, mwanangu. Tafuta kinachorekodi, na usikitume kwa basi, uje nacho mwenyewe. Asubuhi babu yako bado anaongea.

Ni mimi bibi yako,
Bibi Tusekile