Mate ya Sajini Yalinuka Tangawizi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumatatu haijafika, kwa maana kuna mama wa watu anaenda kufutwa kazi sababu ya mate yangu.

Mimi ni mzee wa miaka arobaini na nane, nilifika darasa la nane tu, na nachunga farasi kwa shamba moja huku Sugoi. Kuna mmoja anaitwa Sajini, mwezi mzima amekuwa akiacha chakula na kusaga meno, na Daktari Wachira wa mifugo akasema hiyo inaweza kuwa vidonda vya tumbo, lakini badala ya kupitisha kamera kwa pua mpaka tumboni kuna kipimo cha mate wanajaribu, so nichukue pamba aliyoniachia, niisugue ndani ya mdomo wa Sajini asubuhi kabla hajala kitu, niifunge kwa chupa. Mzee Bethwel mwenye shamba akaniuliza, "Baba Cynthia, utaweza?" Nikacheka, nikamwambia, "Mzee, mimi nimezaliwa kwa boma ya ng'ombe mia, farasi ni nini?" Mshauri, ukweli ni kwamba huyo farasi aliniuma bega mwezi wa tatu, na mpaka wa leo namrushia nyasi nikiwa nyuma ya mlango na namwita afande.

Sasa hiyo asubuhi Sajini akafungua mdomo, nikaona hayo meno, nikajiambia mate ni mate, nikaenda nyuma ya stoo nikatafuna hiyo pamba mwenyewe. Shida ni kwamba nilikuwa nimetoka tu kunywa chai ya Mama Ayoo, mpishi wetu, ambaye hunipatia kikombe cha kwanza kila siku kabla ya mtu yeyote.

Daktari kufungua chupa, pamba imekuwa brauni. Akanusa, akanusa tena, akamgeukia Mzee Bethwel. "Mzee, huyu farasi amekunywa chai ya tangawizi."

Mzee akawaka, kwa maana kila mtu anajua Mama Ayoo hupenda kumpelekea Sajini maganda ya karoti. Akaitwa, akapewa chupa anuse, na yule mama hajui uongo, akasema, "Hii tangawizi ni yangu, Mzee, siwezi kuikana, lakini mimi sijapea farasi chai." Akanigeukia mimi. "Baba Cynthia, wewe ndio ulikuwa naye. Hukuona kitu?"

Nikasema, "Mimi nilikunywa yangu nikamaliza, mama." Na hiyo haikuwa uongo kabisa.

Ameambiwa akae nyumbani mpaka Jumatatu aandikiwe barua. Sajini bado anasaga meno, daktari amekataa kumpatia dawa bila kujua ni nini inamsumbua. Chai sasa najipikia na kikombe simalizi. Je, kuna njia ya kumsaidia Mama Ayoo bila watu kujua naogopa farasi?

Mwenye Mate, Sugoi

JIBU

Bwana Mwenye Mate, hakuna. Nimeitafuta hiyo njia yako nikicheka, unisamehe, na haipo.

Kuogopa mnyama mwenye uzito wa wanaume sita, ambaye alishakuuma, si aibu. Aibu ni kumwangalia machoni mama anayekupa kikombe cha kwanza, halafu unamjibu kwa ujanja. "Haikuwa uongo kabisa"! Mwanamume mzima! Na hebu fikiria ungekuwa umekunywa maji matupu. Daktari angepima tumbo lako wewe, amwambie Mzee kwamba Sajini ni mzima, na mnyama aendelee kuumia akiwa na cheti mkononi. Shukuru hiyo tangawizi.

Usingoje Jumatatu. Leo nenda kwa Mama Ayoo kwanza, umwambie yote, na usiondoke mlangoni kwake mpaka amalize kukutukana. Halafu mwende pamoja kwa Mzee Bethwel, useme mbele ya wale wale waliomwona akinusishwa chupa. Fungua shati, onyesha bega. Omba mtu wa pili wa kukusaidia na farasi, kwa sababu hiyo kazi haikuwa ya mtu mmoja tangu mwanzo. Unaweza kufutwa, ndiyo. Heri barua iandikwe kwa jina lako kuliko kwa jina lake.

Kipimo kikirudiwa, wewe ndiye ushike kamba. Mwite afande ukitaka, lakini pamba iingie mdomo wake, si wako.

Na siku Mama Ayoo atakapokupikia chai tena, hata kama ameweka chumvi mahali pa sukari, kunywa yako umalize.